Kichungi na Msomaji Wake

Nimekuwa nikisoma kichungi cha sigara jinsi ninavyosoma hadithi: nani anaongea, anataka niamini nini, na anaficha wapi.

Hebu kipasue. Ile nyeupe unayodhani ni pamba ni nyuzi za plastiki, zaidi ya 10,000 kwenye kipande kimoja. Ukiona pamba unakumbuka hospitali, kidonda kilichosafishwa. Uongo umeanza hata kiberiti hakijawashwa.

Kuna pia rangi. Mwaka 1953 Claude Teague, mkemia wa kampuni ya R.J. Reynolds kule Marekani, aligundua kwamba wavutaji hukitazama kichungi wakimaliza, eti kukipima. Akapendekeza kiwekwe kitu cha kukigeuza kahawia moshi ukipita, hata kama hakitachuja zaidi. Kwa hiyo unaposema "ona uchafu uliobaki hapa", jua kuna mtu aliyeyafikiria maneno hayo kabla yako.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Lorillard walikuwa wametoa Kent na kuinadi kama kinga ya afya. Ndani ya kichungi mlikuwa na asbesto, ikabaki humo hadi 1956. Ningeandika hivyo kwenye riwaya, mhariri angenirudishia: kejeli imezidi.

Lakini ufundi wenyewe, na ninausifu kwa uchungu, uko kwenye matundu. Chunguza karatasi ya kichungi kwenye mwanga. Kwa sigara nyingi utaona mstari wa vitundu vidogo sana. Hewa huingilia hapo, moshi unakuwa mwepesi. Mashine ya kupimia iliyotumika Marekani kuanzia 1967 ilivuta mililita 35 kwa sekunde 2, mara moja kila dakika. Haikuwa na vidole. Ikapata lami kidogo, na pakiti zikaitwa "light". Mtu naye ana vidole, ana midomo, ana kiu ya nikotini. Anaziba matundu bila kujua, anavuta kwa nguvu, anaongeza pafu. Kabla sijaacha chuo nilifundishwa kuuliza kila kazi imeandikiwa msomaji gani. Hii iliandikiwa mashine, ikauziwa watu.

Mjomba wangu alitaka kuacha. Badala yake akahamia hizo nyepesi, na siku hizi akipanda ngazi za kwetu anapumzika kila ghorofa. Watu humwita mjinga. Mimi nakataa. Alisoma kila ishara vile ilivyotungwa isomwe, na alichokuwa akitafuta kilikuwa usalama.

Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Washington aliamua kwamba makampuni yaliwadanganya wavutaji kuhusu sigara hizo. Mwaka 2010 neno "light" likapigwa marufuku kwenye pakiti za Marekani. Marlboro Lights ikawa Marlboro Gold, rangi ya pakiti ikachukua kazi ya neno, na matundu yakabaki palepale.