Kijakazi na Swali la Maendeleo katika Kasri ya Mwinyi Fuad

Neno maendeleo limezoeleka mno katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili hata halihojiwi tena. Asili yake ni kitenzi kuendelea, nacho hakisemi mtu anaendelea na nini, wala anaelekea wapi. Mtumwa naye huendelea: huendelea kutumwa. Nia ya makala haya mafupi ni kulirejesha swali hilo kwa kumtazama Kijakazi, mtumishi mzee katika riwaya ya Adam Shafi Adam, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978).

Tuanze na jina. Kijakazi ni neno la hadhi kabla ya kuwa jina la mtu. Limetokana na mjakazi, yaani mtumwa mwanamke, likatiwa kiambishi cha udogo. Riwaya inatufikisha kwenye Mapinduzi ya Januari 1964, ilhali utumwa ulikwisha kukosa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba tangu 1897, na masuria, walioachwa nje ya amri hiyo, walifikiwa mwaka 1909. Amri ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, tena aonyeshe makazi na njia ya kujikimu, asije akahesabiwa mzururaji. Asiye na ardhi angeyapata wapi makazi hayo ila katika shamba la bwana yule yule? Ndiyo maana zaidi ya nusu karne baadaye jina hilo bado linamkaa mtumishi wa Fuad.

Kwa kuwa Kijakazi haushangilii mara moja uangukaji wa mabwana zake, ni rahisi mhakiki kumtia katika kundi la wahusika waliopumbazwa na kasumba, kisha akafunga mjadala. Hukumu hiyo haitoshi. Utii wake una hesabu yake: kibanda, chakula na heshima ndogo aliyo nayo vyote vimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine. Anayeogopa mabadiliko katika hali hiyo hakosi akili. Anajua bei yake.

Tumlinganishe na Rashidi wa Kuli (1979), riwaya ya mwandishi huyo huyo. Rashidi anafunguka macho bandarini, katika kazi, katika chama na katika mgomo wa 1948. Maarifa yake yanatangulia ushindi. Kwa Kijakazi mambo ni kinyume: ushindi unamkuta mlangoni, kisha wengine ndio wanaomweleza maana yake. Hapa ndipo udhaifu wa riwaya ulipo. Msimulizi ana haraka ya kumwelimisha, na sauti yake inaifunika sauti ya mzee huyu, ambaye tulitaraji sana kumsikia akiuliza maswali yake mwenyewe.

Huenda msomaji akajibu kwamba baada ya 1964 serikali ilitaifisha ardhi na kuwagawia wakulima eka tatu tatu, na kwamba hayo ni maendeleo yasiyohitaji falsafa. Hatubishi. Mwenye eka tatu ana mahali pa kusimama. Lakini Kiswahili hutofautisha kupata na kupewa, na kila kitenzi cha kupewa kina mtendaji aliyejificha nyuma yake. Mtu aliyezoea kupokea kwa fadhila za bwana aweza kuipokea hata haki kama fadhila, akabadilisha wa kumshukuru tu. Hatari hii haimo ndani ya ardhi iliyogawiwa. Imo katika kumgawia mtu bila kumshauri.

Kwa maoni yetu, basi, haitoshi kuuliza kama mhusika mnyonge ameendelea, maana jibu hutolewa daima na wale waliotangulia. Tuulize: leo aweza kukataa nini, ambacho jana hakuweza kukikataa? Na je, ni nani anayemwita jina lake? Kwa vipimo hivyo viwili Kasri ya Mwinyi Fuad ni riwaya kubwa zaidi kuliko sifa tunazoipa, kwa kuwa inatuachia mwanamke ambaye kasri limeanguka mbele ya macho yake, naye bado anaitwa Kijakazi.