Kiti cha Mifupa: Hesabu ya Mashine na Akili ya Fundi

Wako watu wasemao kwamba sanaa isiyo na sura ya mtu wala ya mnyama ni mchezo tu, na kwamba ikitengenezwa kwa kompyuta, fundi hana kazi tena. Tuyapime maneno hayo kwa kazi za Joris Laarman, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1979, ambaye hubuni viti, madaraja na maumbo ya sanaa pia.

Mwaka 2006 alionyesha Kiti cha Mifupa. Mtaalamu Mjerumani, Claus Mattheck, alikuwa amechunguza jinsi miti na mifupa inavyokua. Mti huongeza ubao pale unapolemewa. Mfupa huongeza vilevile, lakini tena hujipunguza pale pasipobeba kitu. Kanuni hizo zilitiwa katika programu ya kompyuta, nayo kampuni ya magari ya Opel ikaitumia kupunguza uzito wa vyuma vya magari. Laarman akaitumia kwa kiti. Kikapatikana kitu chenye miguu iliyogawanyika kama mizizi, kikamiminwa kwa alumini. Hakifanani na kiumbe chochote, lakini kila tawi lina mzigo wake. Ndiyo sababu ni kizuri.

Mwaka 2021, mjini Amsterdam, liliwekwa daraja la chuma kisichoshika kutu, lenye mita 12 hivi, lililobuniwa katika karakana yake. Roboti zilililehemu tabaka juu ya tabaka. Kwa ufundi, ni jambo la kustaajabisha. Lakini kwa maoni yangu, kwa uzuri halikifikii kile kiti. Kingo zake zimejikunja mno kama kitambaa. Jicho linauliza, mkunjo huu wabeba nini? Halipati jibu.

Tujifunze nini basi? Zamani ugumu wa mti na uchovu wa mkono vilimwambia mchongaji: yatosha. Mashine haichoki, wala haisemi yatosha. Sharti fundi aseme mwenyewe. Kwa hiyo kompyuta haikumwondolea kazi, bali imemwongezea kazi iliyo ngumu zaidi, yaani kuchagua na kuacha.

Nasi tukitazama kazi za namna hii, tusiulize kwanza zinafanana na nini. Tuulize kila sehemu ina kazi gani, na kama ingeondolewa, tungekosa nini. Hapo tutaweza kuhukumu kwa haki.