Kupima Vita kwa Pedi Mbili

Tarehe 8 Aprili 2009 maharamia wa Kisomali waliivamia Maersk Alabama, meli ya mizigo iliyokuwa njiani kuja Mombasa na chakula cha msaada. Meli yenyewe iliponyoka na siku tatu baadaye ikaingia bandarini, lakini nahodha wake, Richard Phillips, alibaki mikononi mwa watekaji ndani ya mashua ya uokoaji. Tarehe 12, Jumapili ya Pasaka, wadunguaji wa jeshi la majini la Marekani walifyatua risasi tatu kwa mpigo mmoja, na nahodha akawa huru. Oktoba 2012 kisa kinachofanana mno na hicho kilitokea tena, safari hii ndani ya gemu. Katika Medal of Honor: Warfighter mchezaji huwekwa nyuma ya darubini ya bunduki kumwokoa nahodha aliyetekwa na maharamia, na sehemu nyingine ya hadithi humpeleka pwani ya Somalia.

Kijana wa mtaa wa Kongowea, Mombasa, aliyeshika pedi ya gemu hiyo alikuwa na kipimo ambacho mhakiki wa California hakuwa nacho. Maharamia waliokamatwa baharini alikuwa amesikia wakishtakiwa Mombasa hiihii, na mahakama maalumu ya kesi zao ilifunguliwa Shimo la Tewa mwaka 2010. Kambi ya jeshi ya Nyali ni jirani yake. Wanajeshi wa Kenya walikuwa wamevuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, na mwisho wa Septemba 2012 walishuka ufukweni Kismayu. Gemu ilitoka chini ya mwezi mmoja baada ya hapo. Kwa mtu huyo, Somalia haikuwa mandhari ya vumbi iliyobuniwa ili mchezo unoge. Ilikuwa taarifa ya saa moja usiku.

Kuihakiki gemu ya vita ni kazi ya ufundi, ingawa wengi huichukulia kama soga za vijana wasio na shughuli. Ugumu wake ni kwamba kwenye diski moja mna vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Kuna hadithi, ambayo mtu huicheza peke yake kwa saa tano au sita akafika mwisho. Halafu kuna uwanja wa wengi, usio na mwisho, ambao uhai wake unategemea wachezaji wenzako. Cha kwanza kinataka jicho la msomaji wa riwaya na cha pili jicho la refa. Mhakiki mvivu huvijumlisha vyote akatoa alama moja.

Warfighter ni mfano mzuri kwa sababu ilishindwa kwa namna inayofundisha. Ilitengenezwa na Danger Close ya Los Angeles kwa mtambo wa Frostbite 2, uleule ulioipa Battlefield 3 sura yake ya kuvutia mwaka mmoja nyuma. Iliuzwa kwa madai ya ukweli: kwamba askari halisi wa vikosi maalumu walikuwa na mkono katika hadithi. Madai hayo hayakuwa ya uongo, maana Novemba 2012 wanajeshi saba wa kikosi kilekile kilichomuua Osama bin Laden waliadhibiwa kwa kutoa siri wakiwa washauri wa gemu hiyo. Ila ukweli wa vifaa ni kitu kimoja, na ukweli wa binadamu ni kitu kingine. Kila baada ya dakika chache kikosi hujipanga mbele ya mlango uliofungwa na mchezaji huchagua namna ya kuuvunja. Akilenga vichwa vya kutosha, anazawadiwa njia mpya ya kuvunja mlango! Hapo ndipo jicho la mhakiki linapofanya kazi: linaona kwamba mchezo unaojinadi kuwaheshimu askari umewageuza mafundi wa milango. Kipande kilichosifiwa zaidi, mbio za magari jijini Karachi, hakina uhusiano na kupiga bunduki.

Sasa weka wapinzani kando yake. Call of Duty: Modern Warfare 3 ya Novemba 2011 nayo iliwapeleka wachezaji Somalia, mjini Bosaso, majuma matatu tu baada ya jeshi la Kenya kuvuka mpaka. Haikudai kuwa kweli. Ilikuwa sinema ya kelele na dhoruba ya mchanga, na ilijua hivyo. Black Ops II ya mfululizo huohuo, iliyotoka tarehe 13 Novemba 2012, ilithubutu zaidi. Hadithi yake inaanzia Angola mwaka 1986, kiongozi wa waasi Jonas Savimbi akiwa ubavuni mwa mchezaji, na miisho yake hubadilika kufuatana na maamuzi ya mchezaji mwenyewe. Watoto wa Savimbi waliishtaki kampuni ya gemu hiyo nchini Ufaransa wakidai baba yao amechorwa kama katili asiye na akili. Mwaka 2016 kesi ikatupwa. Ukiacha mahakama, kama hadithi, Black Ops II inaishinda Warfighter waziwazi, kwa sababu inampa mchezaji kosa la kubeba hadi mwisho. Warfighter humpa mlango mwingine.

Upande wa uwanja wa wengi hukumu haiwi nyepesi hivyo. Warfighter ilikuwa na wazo zuri kabisa: wachezaji hufungwa wawiliwawili, kila mmoja anaweza kumtibu mwenzake na kumwongezea risasi, na aliyeuawa hurudi ubavuni mwa mwenzake. Hakuna mpinzani wa mwaka ule aliyeuheshimu urafiki kiasi hicho. Mhakiki mwenye haki hulisifu hilo hata kama anaitupa gemu iliyobaki. Wanunuzi hawakungoja. Januari 2013 kampuni ya EA, iliyoitoa gemu hiyo, ilitangaza kuiweka kando Medal of Honor.

Kongowea, hata hivyo, ina swali lake, na mwenye kibanda cha gemu huliuliza kabla ya yote: watu wangapi wanaweza kucheza kwa runinga moja? Kibanda huishi kwa mechi au kwa nusu saa. Hadithi ya saa sita haimlipi mtu, kwani mteja mmoja atakaa na pedi huku wengine wamesimama mlangoni. Battlefield 3, iliyosifiwa ulimwenguni kwa viwanja vyake vikubwa, haikuwa na njia ya kugawa skrini. Kwenye kibanda ilikuwa diski ya mtu mmoja. Black Ops II iliruhusu wanne kwenye runinga moja, bila intaneti, pamoja na maadui wa kompyuta kama wachezaji ni wachache. Kwa hiyo mashindano yaliyojaza kurasa za majarida ya ng'ambo, Battlefield dhidi ya Call of Duty, hapa yalikuwa yamekwisha kabla ya kuanza.

Intaneti nayo ina hukumu yake. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, lakini kasi ya waya haifupishi umbali. Mwanga ndani ya kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 8,000 kutoka pwani, kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 80, kabla ya foleni za njiani. Umeshajificha nyuma ya ukuta, seva bado inakuona uko wazi, na umekufa. Mhakiki anayekaa karibu na seva ataandika kwamba bunduki za gemu fulani ni sikivu. Anasema kweli, ya mtaani kwake.

Msimu wa 2025 mizani ilitikiswa tena. Battlefield 6 ya Oktoba ilirudishia mfululizo huo heshima kwa uwanja wake wa wengi, huku hadithi yake ikionekana ya kawaida tu. Black Ops 7 ya Novemba ilitengeneza hadithi ya kuchezwa na wanne, ikataka intaneti muda wote, na hata anayecheza peke yake hawezi kuisimamisha. Mahali ambapo stima hupotea bila taarifa, hilo si jambo dogo. Battlefield 6 nayo ilitoka bila kugawa skrini, kama nduguye wa 2011. Mwenye kibanda anayehesabu pedi kwanza, intaneti pili na hadithi mwisho ataziacha zote mbili dukani, aendelee kuwatoza vijana kwa mechi za ule mpira ambao tangu 2023 jina lake ni EA Sports FC na ambao Kongowea bado inauita FIFA.