Kamera Moja, Televisheni Thelathini na Mbili

Mwaka 1956 shule za kaunti ya Washington, jimbo la Maryland nchini Marekani, zilianza kupokea masomo kwa televisheni kutoka studio moja iliyokuwa katika mji wa Hagerstown. Waliosimama mbele ya kamera walikuwa walimu wa kaunti hiyo hiyo. Fedha zilitoka kwenye mfuko ulioanzishwa na Ford Foundation, watengenezaji wa vifaa vya elektroniki walichangia mitambo, na kebo iliyounganisha shule ilikodiwa kwa kampuni ya simu. Kwa wakati mmoja yangeweza kwenda masomo sita.

Hagerstown ikitajwa, watu huzungumzia ualimu zaidi: je, mtoto anaelewa akifundishwa na mtu asiyemwona? Ni swali zuri, lakini kwa fundi yeyote anayeombwa leo kufikisha picha ya mkutano wa asubuhi katika kila darasa, somo kubwa la Hagerstown limo kwenye waya.

Kurusha hewani kungehitaji leseni na masafa ya umma kwa kila chaneli, na sita zisingepatikana. Kebo ya koaksia, yenye waya wa shaba katikati na wavu wa chuma kuuzunguka, hubeba chaneli nyingi pamoja, kila moja kwenye masafa yake. Kwa mfumo wa Marekani wa enzi hizo kila chaneli ilichukua megahezi 6. Kila somo lilipandishwa kwenye chaneli yake, na darasani ikatosha televisheni ya kawaida. Mwalimu alichagua chaneli, basi. Uzuri wa mpango huu ni kwamba picha hutumwa mara moja tu. Ukiongeza televisheni, chanzo hakitumi kitu cha ziada. Kinachopungua ni nguvu ya mawimbi, na hiyo unaihesabu kwa kalamu kabla hujanunua hata mita moja ya waya.

Leo kazi ya kupandisha picha kwenye chaneli inafanywa na moduleta, kisanduku cha kubebeka mkononi: HDMI kutoka kwenye kamera inaingia, chaneli ya DVB-T inatoka. Kenya na Tanzania zinatumia DVB-T2 kwa matangazo ya kidijitali, na vipokezi vya DVB-T2 husoma DVB-T vilevile, hivyo televisheni yenye kipokezi chake ndani haihitaji king'amuzi wala intaneti. Unatafuta chaneli isiyotumiwa na kituo chochote cha eneo lako, unaiwekea moduleta, kisha kila televisheni inatafutishwa chaneli mara moja.

Sasa hesabu. Chukua shule ya ghorofa yenye vyumba 32. Moduleta inatoa, tuseme, desibeli 90 juu ya maikrovolti moja. Kwenye chumba cha mitambo weka spliti ya njia nane, nayo inakula desibeli 11 hivi. Kila njia inaenda kwenye spliti ya njia nne, inayokula 7. Waya wa RG-6 kwenye masafa ya juu ya UHF hupoteza takriban desibeli 20 kwa kila mita 100, kwa hiyo darasa lililo umbali wa mita 40 linapoteza 8. Toa zote kwenye 90, inabaki 64. Televisheni hufurahia kati ya 50 na 70 hivi. Vyumba vyote 32 vimeshiba bila amplifaya hata moja! Chumba cha kuangalia kwa makini ni kile cha karibu: kwenye mita 5 za waya kinapata 71, imezidi kidogo, na kipunguzi cha nguvu cha bei nafuu kinamaliza tatizo.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Picha ya darasa la mwisho ikianza kukatika vipandevipande, fundi anakimbilia amplifaya na kuifunga nyuma ya televisheni ile. Mawimbi yakishachoka mpaka yamechanganyika na kelele, amplifaya inavikuza vyote viwili. Mahali pake ni mwanzoni, yangali na nguvu. Na tundu la spliti lisilotumika lisiachwe wazi: lifungwe kizibo chenye ukinzani wa omu 75, la sivyo mawimbi yanarudi nyuma na kusumbua matundu mengine.

Njia inayopendwa siku hizi ni kurusha tukio kwenye intaneti, kisha kila darasa likafungua kiungo chake. Naipinga kwa jengo moja. Picha inatoka shuleni, inasafiri hadi mbali, halafu inarudi shuleni mara 32. Kwa megabiti 8 kwa sekunde kila moja, hiyo ni megabiti 256. Tena kila televisheni inachelewa kwa kiasi chake. Madarasa yetu yana madirisha wazi. Kidato cha Pili wakishangilia bao ambalo Kidato cha Tatu hawajaliona, au sauti ya mkuu wa shule ikisikika mara mbili kupitia ukutani, hakuna anayesikiliza tena.

Shule yenye mtandao mzuri wa waya inaweza kupata kile kile cha Hagerstown kwa maltikasti. Enkoda, yaani kifaa cha kugeuza picha kuwa mkondo wa mtandao, inatuma mkondo mmoja wa megabiti 8, na swichi ndizo zinazounakili kuelekea kwa televisheni zilizouomba tu. Swichi lazima iwe ya kupangika na iwe inasikiliza maombi hayo, yaani ujumbe wa IGMP. Isiposikiliza, inamwaga mkondo kwenye kila tundu, pamoja na vituo vya Wi-Fi, ambavyo hutuma maltikasti kwa kasi ya chini kabisa. Ofisi nzima inalalamika kuwa mtandao umekufa.

Kuna kosa jingine linalojificha. Swichi inayosikiliza inahitaji kifaa kimoja mtandaoni cha kuuliza kila mara: nani bado anatazama? Kisipokuwapo cha kuuliza, televisheni hazirudii maombi, na kwa mipangilio ya kawaida swichi inazifuta kwenye orodha baada ya sekunde 260. Picha inaanza vizuri, fundi anafunga mkoba, na dakika ya tano kila kioo ni cheusi. Washa kazi hiyo ya kuuliza kwenye ruta au kwenye swichi kuu, halafu iache picha iende robo saa nzima kabla ya wanafunzi kuingia.