Jinja: Kipimo Kilichowekwa Kando Wakati wa Ukame

Kosa la Jinja, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria, halikuwa la hesabu. Hesabu ilikuwepo, tena nzuri, ila waliosimamia mabwawa ya Uganda waliiweka kando mwaka 2004 na 2005, wakati Ziwa Victoria lilipoihitaji kuliko wakati wowote.

Anayefuatilia mito anaujua Mstari wa Makubaliano. Kabla ya 1954 maji ya ziwa yalitoka kwa kuvuka miamba ya maporomoko ya Ripon, na mwamba ule ulitosha kuwa kipimo: ukijua kina cha ziwa, unajua kiasi kinachotoka. Bwawa la Owen Falls lilipoyafunika maporomoko, Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba milango na mitambo itoe kile kile ambacho mwamba ungetoa. Huo ndio Mstari: chukua kina cha ziwa kwa mita kwenye ubao wa kupimia wa Jinja, toa 8.486, jibu lipandishe kwa kipeo cha 1.686, kisha zidisha kwa 132.924. Ziwa likiwa mita 11 unapata takriban mita za ujazo 629 kwa sekunde. Likiwa mita 12, 1,106. Likiwa mita 13, 1,687. Kina kinapanda mita mbili tu, na mto umeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu.

Maji yakiwa machache, mpimaji hana nafasi ya uzembe. Kwenye mita 11, kukosea sentimita moja katika kusoma ubao kunapotosha jibu kwa karibu asilimia 0.7; kwenye mita 13, kosa lile lile halifiki asilimia 0.4. Ukame basi ndio wakati wa kuushika Mstari kwa mikono miwili. Jinja wakafanya kinyume. Mvua zilipungua, kituo kipya cha Kiira kilikuwa kimeongeza mitambo kando ya Nalubaale, jina jipya la Owen Falls, nchi ilitaka umeme, na maji yakaachiwa kupita kiwango kilichokubaliwa. Daniel Kull, mtaalamu wa maji, alipiga hesabu mapema 2006 akaona kwamba zaidi ya nusu ya kushuka kwa ziwa katika miaka ile miwili kulitokana na maji hayo ya ziada. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya ukame.

Kwamba umeme ulihitajika, hakuna anayebisha. Lakini uamuzi ule uliharibu pia kipimo chenyewe. Mstari ulipofuatwa, ubao mmoja ulimwambia mkulima wa Misri na mvuvi wa Kisumu habari moja. Ulipovunjwa, ubao ukabaki kusema kina peke yake. Sasa kiasi kinachotoka lazima kijumlishwe kutoka kila mtambo, kwa umeme ulioutoa na kimo cha maji yanayoanguka, na kutoka kila mlango, kwa jinsi ulivyofunguliwa. Kila kimoja kina kosa lake, na daftari zilikuwa mikononi mwa yule yule aliyetuhumiwa kuzidisha. Mvutano uliofuata, serikali ikitaja ukame na wachunguzi wakitaja milango, ulizaliwa hapo.

Kabla ya hapo Mstari uliweza hata kurefushwa vizuri hadi vina vikubwa zaidi, baada ya ziwa kupanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964.

Lakini watu wa Malemba-Nkulu, kando ya mto Lualaba nchini Kongo, hawana mwamba wa Ripon. Lualaba hapa inatoka kwenye bonde la Upemba, na ikifurika inaacha kingo zake na kuingia kwenye mafunjo. Ubao ulio kando ya mkondo hauyaoni maji yanayopita pembeni. Isitoshe, kina kile kile kinaweza kubeba maji mengi mto unapopanda na machache unaposhuka. Ndiyo maana safu hii haichoki kurudia: mstari uliochorwa kwa vipimo vya kiangazi usivutwe kwa rula hadi kwenye mafuriko. Mpimaji apande mtumbwi wakati wa masika, ashushe propela ya kupimia kasi ya maji kwenye sehemu mbili za kumi za kina, kisha kwenye nane za kumi, achukue wastani, asogee hatua nyingine, mpaka avuke ng'ambo, mafunjo yakiwemo. E.-J. Devroey, aliyeandika kitabu kizima juu ya tatizo la Lukuga, mto unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1938, alijua kwamba mto haujulikani kwa ziara moja. Wengi waliokuja baada yake wana vyombo bora na subira ndogo.

Tukirudi Jinja, Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye ubao wa Jinja, sentimita moja juu ya 13.41 ya mwaka 1964. Anayetaka kulinganisha maji yaliyotoka katika mafuriko hayo mawili anasoma yale ya 1964 kwenye Mstari. Ya 2020 itabidi aombe daftari za milango na mitambo.