Riwaya Isiyo na Mpango

Mashindano ya uandishi ni ya namna mbili. Katika namna ya kwanza mwandishi hushindana na wenzake kwa kutafuta tuzo; katika namna ya pili hushindana na kalenda tu. Mashindano mashuhuri ya namna ya pili yalianzishwa na Chris Baty huko California, Marekani, mwaka 1999, yakiwa na watu 21. Baadaye sharti lake likawa kuandika riwaya ya maneno 50,000 katika siku 30 za mwezi wa Novemba. Chama kilichoyasimamia kilitangaza mwaka 2025 kwamba kinafungwa, lakini desturi yake imebaki, na pamoja nayo shauri ambalo vijana hulipenda sana: anza kuandika leo, mpango utauona njiani. Yafaa tulipime shauri hilo.

Kwanza tulipe haki yake. Maneno 50,000 kwa siku 30 ni karibu maneno 1,670 kila siku. Mtu aandikaye kiasi hicho hana nafasi ya kumwogopa msomaji, wala ya kuichonga sentensi yake ya kwanza kwa juma zima. Katika kazi yangu ya ualimu nimeona wanafunzi wenye visa vingi vichwani wakiketi mbele ya karatasi tupu, wakingoja mpango ulio kamili. Mpango hauji, na hadithi haiandikwi. Kwa watu hao kalenda ni dawa.

Lakini dawa hiyo ina uchungu wake. Likizo moja, katika chumba nilichopanga Kongowea, niliandika kila usiku bila mpango wowote. Siku ya 30 nilitimiza hesabu yangu, nikafurahi. Niliposoma mswada ule niliona kwamba shangazi aliyekuwa kipofu katika sura ya pili alikuwa akisoma barua katika sura ya tisa, na barua hiyo ndiyo iliyofunua siri ya kisa chote. Kumpa macho kungeharibu sura ya pili. Kumwacha kipofu kungeondoa mwisho wa hadithi. Niliona haya, nikaufungia mswada sandukuni, nikasadiki kwamba sikuzaliwa kuwa mwandishi.

Waandishi waliotutangulia walipata wapi mpango wao? Mwendo si mrefu kutoka chumba kile hadi kwenye kengele ya Freretown, makao yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa watu hao, aliandika habari zao katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotolewa mwaka 1934. Watu wanatekwa, wanasafirishwa, wanaokolewa baharini, wanapewa makao. Hii ni safari, na safari ina mwanzo na mwisho wake. Twaweza kukilaumu kitabu hicho kwa sifa nyingi mno kinazowapa Waingereza, lakini hatuwezi kusema kwamba kinapotea njia.

Muhammad Said Abdulla wa Unguja hakuwa na safari ya namna hiyo ya kumwongoza. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Mtu ameuawa, naye Bwana Msa, mwenye kiko chake, anamtafuta muuaji. Hadithi ya upelelezi ina sharti gumu: jambo dogo la ukurasa wa kumi lazima lijibiwe mwishoni. Alivyoiandika, kwa mpango au bila mpango, si juu yetu kubuni. Lililo dhahiri ni kwamba ilipomfikia msomaji mpango ulikuwamo.

Hapo ndipo ninapoliona kosa la shauri lile. Si kosa kuanza bila mpango. Kosa ni kudhani kwamba siku ya 30 ndiyo mwisho wa kazi. Asubuhi na mapema katika soko la Kongowea, lori likishusha nyanya, mchuuzi hazipeleki kwa mnunuzi kama zilivyo. Huzichagua, huzitupa zilizooza, kisha huzipanga mafungu. Shehena ni mali, lakini fungu ndilo linalouzwa.

Baada ya muda mrefu niliufungua mswada wangu tena. Shangazi nikamwacha kipofu. Barua nikampa mtoto wa kaka yake amsomee. Na kijana huyo, kwa faida yake mwenyewe, akamsomea uongo. Hadithi ikapata moyo ambao hapo kwanza haikuwa nao. Kama ningalipanga yote tangu awali, kosa lile nisingalilifanya, na kisa hicho nisingalikipata. Na kama nisingaliurudia mswada, kosa lingalibaki kosa.

Basi, mwanafunzi, ukipenda kushindana na kalenda, shindana nayo bila hofu. Andika haraka, usifute, usiombe radhi. Lakini ukiisha kuhesabu maneno yako, jitengee muda mwingine mrefu zaidi, usome kama mgeni asiyekujua wala kukuonea huruma. Mpango waweza kutangulia, tena waweza kufuata. Kukosekana kabisa hauwezi.