Nane kwa Bila, Saba kwa Bila: Fani ya Msimu Uliovunjika

Msimu wa ligi una fani kama lilivyo shairi: una idadi ya beti, una mpangilio, una kanuni ya kuufunga. Mashabiki hupenda kujadili maudhui, yaani nani kafunga, kocha gani katimuliwa, timu ipi imepanda. Mimi natazama fani, na nimechagua Ligi Daraja la Kwanza Tanzania Bara ya 2015/16, kwa sababu fani ya msimu ule ilivunjika mbele ya macho yetu.

Muundo wake ulikuwa hivi: timu 24, makundi matatu, timu nane kila kundi. Kila timu ilicheza mechi 14, nyumbani na ugenini, na kinara wa kundi alipanda Ligi Kuu. Aliyezoea tenzi ataiona kasoro upesi. Katika utenzi, kina cha kipande cha mwisho, ndiyo bahari, hutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho na kuzishona beti mia au elfu ziwe kitu kimoja. Ligi yenye msimamo mmoja iko vivyo hivyo, kwani pointi iliyopotea mkoa mmoja husikika mkoa mwingine. Daraja la Kwanza la makundi halikuwa na bahari. Yalikuwa mashairi matatu mafupi ndani ya jalada moja.

Ufupi huo ulikuwa na utamu wake. Katika mechi 14, sare moja ya nyumbani inaweza kukugharimu mwaka mzima, na taharuki hiyo ndiyo iliyowapeleka watu viwanjani. Lakini shairi fupi huutwisha ubeti wa mwisho mzigo mkubwa, na Kundi C likaelemewa.

Siku ya mwisho, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0. Polisi Tabora nayo iliifunga JKT Oljoro 7-0. Washindi hao wawili wakalingana pointi kileleni mwa kundi, na Geita ikakaa juu kwa tofauti ya mabao.

Tuyasome matokeo hayo polepole. Kwa kawaida matokeo ni mazungumzo ya timu mbili zilizomo uwanjani. Ukisikia 2-1, unajua kuna aliyesema na kuna aliyejibu. Hapa hakuna jibu: upande mmoja wa kila mechi ni sifuri. Ukitaka kuyaelewa inabidi uyaweke pamoja, na ndipo unapogundua kwamba nane haisemezani na Kanembwa, inasemezana na saba. Timu mbili ambazo siku hiyo hazikukutana ndizo zilizokuwa zikilumbana, kila moja katika uwanja wake, na wapinzani wao wakageuzwa ubao wa kuandikia hesabu. Mchezo wa mpira ulikuwa umeshatoka uwanjani.

Mwaka huohuo wa 2016 TFF, shirikisho la mpira wa miguu nchini, iliziadhibu timu zote nne kwa kupanga matokeo, ikazishusha. Nafasi ya Kundi C ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, iliyopanda pamoja na Ruvu Shooting na African Lyon.

Hatia ni ya watu, wala siitwishi kanuni. Hata hivyo, fani iliwaachia mlango wazi. Tofauti ya mabao huhesabu wingi, na wingi unaweza kuumuliwa kama unga kwa dakika 90. Kama kigezo cha kwanza kingekuwa matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana zenyewe, huenda jibu lingekuwa limeshaandikwa kabla ya siku ya mwisho, na bao la nane lisingekuwa na thamani yoyote.

Mbao, iliyopanda kwa hukumu ya mezani, ilijithibitisha kwa miguu. Mei 2017 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Dodoma, ikaifikisha Simba dakika za nyongeza kabla ya kufungwa 2-1. Geita nayo ilitumikia adhabu, ikapanda 2021, na katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu ikamaliza ya nne, huku George Mpole akiwa mfungaji bora kwa mabao 17. Timu ile ilikuwa na uwezo wa kupanda kwa njia iliyonyooka.

Tangu 2021/22 daraja hilo linaitwa Championship: timu 16, msimamo mmoja, mechi 30. Bahari imerudi. Fani hiyo haimfanyi mtu kuwa mwaminifu, ila inaipunguzia siku moja nguvu ya kuufuta mwaka mzima. Naiona bora kuliko ile ya makundi, na naomba isirudishwe nyuma kwa kisingizio cha nauli. Timu zisaidiwe kusafiri; msimamo ubaki mmoja.